Jina la Shemeji

Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, ana jina zuri tu, lakini usitegemee kuliona hapa. Kwetu Naryn mwanamke aliyeolewa hatamki jina la mkubwa yeyote wa upande wa mumewe: si la baba mkwe, si la mama mkwe, si la shemeji aliyetangulia kuzaliwa. Tunawabandika majina mengine. Huyu nilimwita Mwungwana tangu siku niliyoletwa nimefunikwa shela, na Mwungwana akabaki.

Kwa Kikirigizi hilo halimsumbui mtu. Taabu ilianza kwenye Kiingereza.

Majira ya baridi yote Mwalimu Gulbara alinifundisha jikoni kwake somo moja tu, la kutembelea jamaa. Unakwenda kumtembelea nani? Anaishi wapi? Anaitwa nani? Mume wangu alikuwa Chicago akiendesha malori, akikaa nyumbani kwa Mwungwana, nami nilitaka nikamwone. Kila tukifika kwenye jina, nafunga mdomo.

"Sema, wewe! Nani anakusikia hapa? Paka?"

"Siwezi, mwalimu."

"Basi mpe jina lolote. Mwite Sam, tuendelee."

Nikamwita Sam. Shemeji yangu anaitwa Sam, anaishi Chicago, ana nyumba kubwa. Nilikariri hivyo nikikamua ng'ombe, nikakariri tena nikifua, na Gulbara akanipigia makofi.

Kisha lori la mume wangu likapinduka kwenye theluji. Mwungwana alipiga simu akilia, mtu mzima yule. Alisema ndugu yake amevunjika mgongo, madaktari watampasua mara ya pili, na hawaahidi kitu. "Kama mkewe anaweza kuja, aje sasa," alimwambia mama yake. Jirani yetu mmoja, badala ya kunipa pole, alinishika mkono mlangoni akaninong'oneza, "Uchunge ulimi wako siku hizi, usije ukataja jina la mkubwa. Mwenzio yuko kitandani, usije ukamtia mkosi." Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba kibao. Lakini maneno yake yalinikaa, na hofu yake nikaenda nayo mpaka Bishkek, mji mkuu wetu, kuomba viza.

Mama mkwe alinisindikiza. Njia nzima alinipa vibonge vya maziwa makavu nimumunye. Ubalozini wanaingia wenye maombi peke yao, kwa hiyo nikamwacha amesimama barabarani, shungi lake jeupe limemkaa upande.

Ndani tukatangaziwa kwamba mkalimani anaumwa. Wanaojua Kiingereza wasogee dirisha la pili, wengine warudi mwezi ujao. Mume wangu hakuwa na mwezi ujao. Nikasogea.

Nyuma ya kioo alikaa kijana mwenye nywele nyekundu, mpole wa sura.

"Unakwenda kumtembelea nani?"

"Mume wangu. Yeye mgonjwa. Yeye hospitali."

"Pole sana. Utakaa kwa nani?"

"Kwa kaka wa mume wangu."

"Anaitwa nani?"

"Anaitwa Sam," nikasema, vizuri kabisa, kama kule jikoni.

Kijana akatazama karatasi zake. Akazigeuza. Upole ukamtoka usoni. "Hapa hakuna Sam."

Nikaonyesha kwa vidole kwamba nitaandika. Akatikisa kichwa. "Sema, tafadhali. Unakwenda kulala nyumbani kwa mtu huyu, na jina lake hulijui?"

"Najua."

"Basi sema."

Ningemwelezaje? Gulbara hakunifundisha neno la heshima, wala la mkosi. Nilikuwa na Kiingereza cha nyumba kubwa na chai ya maziwa. Nikasema, "Mimi mwanamke. Mimi siwezi sema." Kijana akamtazama mwenzake wa dirisha la pembeni, na mtazamo ule niliuelewa bila mkalimani: huyu ndoa yake ni ya kutunga. Akanyoosha mkono kwenye muhuri.

Niliona mgongo wa mume wangu. Nilimwona jirani na mdomo wake. Nilijiuliza, nikilitaja na akafa chini ya kisu, nitaishije? Na nisipolitaja akafa peke yake? Nikashika ukingo wa dirisha, nikafumba macho, nikalitaja.

Kioo hakikupasuka. Kijana aliweka alama tu kwenye karatasi.

"Baba yao?"

Nikamtaja marehemu, aliyekuwa akinikatia nyama laini kwa mkono wake.

"Mama yao?"

Nikamtaja na yeye. Nilikuwa nalia sasa, kwa sauti, watu wamegeuka. Kijana akasukuma kikaratasi chini ya kioo, akasema viza itakuwa tayari keshokutwa, na samahani, mama, kama nimekuudhi.

Nilitoka nimejiziba mdomo na kiganja. Mama mkwe alinijia mbio.

"Wamekunyima?"

"Wamenipa."

"Sasa unalilia nini?"

"Mama, nimemtaja. Mwungwana. Nimemtaja na baba. Na wewe."

Nilingoja anipige, au ateme chini kufukuza mkosi. Hakufanya lolote. Akaniuliza taratibu, "Jina langu pia?"

"Nisamehe, Mama."

"Dada yangu alikuwa wa mwisho kuniita kwa jina," akasema. "Tangu nimzike, mimi ni Mama, ni Bibi, ni Shangazi. Jina langu sijalisikia." Akaniegemea, shungi likanigusa shavu. "Sema nisikie."

Hapo ndipo niliogopa kweli. Kwenye kioo nilimtaja mtu wa kwenye karatasi, na hapa alikuwa mwenyewe, pumzi yake usoni pangu. Nikalinong'ona.

Mama mkwe akafumba macho.

"Abee," akaitika, kwa sauti ya kisichana.