Ajali Yenye Kinga

Mume wangu alikuwa mkandaji wa unga katika bekari iliyo nyuma ya soko. Nasema alikuwa, kwa sababu asubuhi moja, kabla hata mikate ya kwanza haijaingia tanurini, mashine ya kukandia ilimla mkono wa kulia mpaka juu ya kifundo.

Nilikuwa kwenye cherehani yangu pale barazani, nashona sare za shule, nilipomwona mtu wa tanuri akija mbio. Wenzake wanamwita Moshi, maana nguo zake hazijawahi kunukia kitu kingine. Alisimama mbele yangu, aproni imelowa damu.

"Sema tu," nikamwambia. "Yuko hai au hayuko?"

"Yuko hai, shemeji."

Niliondoka na tepu ya kupimia ikiwa shingoni. Nilishinda nayo hospitalini kutwa nzima bila kujua.

Mwenye bekari alikuja siku ya pili na machungwa kwenye wavu. Wafanyakazi walimpa jina la Mzee Kesho, na sasa nitaeleza kwa nini. Mashine ile ilikuwa na kifuniko cha chuma. Ukikifungua, inajizima yenyewe. Bawaba yake ilipokatika, Mzee Kesho aliamuru kifuniko kiwekwe stoo, nyuma ya magunia, swichi ya kuizima ifungwe kwa waya, na mashine iendelee na kazi mdomo wazi. Kila walipomkumbusha, alijibu kwamba fundi anakuja kesho. Mvua zikaja, zikaisha, kiangazi kikaingia, na kesho yake haijafika.

Alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama mume wangu aliyelala kwa dawa, akanitazama na mimi.

"Pole sana, mama. Ndiyo dunia. Ajali haina kinga."

"Hii ilikuwa na kinga," nikasema. "Iko stoo kwako, nyuma ya magunia."

Akaangalia saa yake. Akasema ana mtu anamsubiri.

Tuliporudi nyumbani, majirani walijaa. Nitasema kweli, hawakuja mikono mitupu. Walileta maji, walileta unga, wengine walifagia uwanja. Lakini kila aliyeketi alinipa methali ileile, kana kwamba wamepitia kwa Mzee Kesho kuichukua. Ajali haina kinga. Nilikuwa nikiisikia, damu inanipanda kichwani. Siku muuza mkaa, jirani yangu wa miaka mingi, alipoisema huku akinioshea masufuria, nilimnyang'anya dodoki.

"Niachie vyombo vyangu."

"Mama, hasira hasara."

"Hasara nimeshaipata. Basi niacheni walau na hasira."

Alifuta mikono kwenye kanga yake, akaenda zake. Baada ya hapo watu wakapungua. Wakasema mke wa mkandaji kachanganyikiwa, mwacheni apoe. Sikupoa. Nilikuwa nikikanyaga cherehani mpaka uzi unakatika, nautunga tena, unakatika tena.

Ndipo akaja wifi yangu, dada wa mume wangu, ambaye tangu harusi yetu hatukuwahi kuiva chungu kimoja. Mimi kwa siri nilimwita Pilipili. Yeye aliniita Bibi Sindano, tena hadharani. Nilipomwona anakuja na begi na godoro lake kichwani, nilijisemea, haya, ndilo lililobaki. Alitua mzigo, akaingia ndani kumwona kaka yake, akatoka macho mekundu. Hakunipa pole.

"Huyo mtu anakaa wapi?"

"Mtu gani?"

"Aliyemla kaka yangu mkono."

Wote niliowasikia walisema mashine. Huyu ndiye wa kwanza kusema mtu. Nilikaa chini palepale mlangoni nikalia kama mtoto, na yeye akakaa kando yangu, akavuta sinia la vitunguu, akaanza kumenya. Tukamenya, tukamchambua Mzee Kesho kwa zamu. Wifi aliuchambua upara wake, ambao hakuwahi kuuona. Akalichambua tumbo lake, akasema limetangulia kufika kila mahali ila kazini. Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwa nimecheka tangu siku ile, na nilishangaa jinsi kicheko na ghadhabu vinavyoweza kukaa kifuani pamoja bila kimoja kumwambia mwenzake asogee.

Lakini mume wangu hakucheka. Alikuwa anakula peke yake, uso ukutani, kwa mkono wa kushoto, na mgeni akibisha hodi alisukuma sahani mbali akasema ameshiba. Mtu aliyelea unga kwa mkono wake wa kulia maisha yake yote aliona aibu kuonekana akila kwa ule mwingine. Nilimsihi, nikambembeleza, nikamgombeza. Alikonda.

Jumapili moja mchana wakaja wenzake wa bekari, Moshi akiwa mbele, nyusi zao bado nyeupe kwa unga. Wifi akatenga wali na mchuzi katika sinia kubwa, mkekani. Mume wangu akasema ameshiba. Moshi akamtazama. Kisha akauweka mkono wake wa kulia nyuma ya mgongo, akachota wali kwa wa kushoto. Nusu ikamwangukia mapajani. Mwenzake naye akarudisha mkono nyuma, na mwingine, na mwingine. Wanaume wazima wakawa wanajipaka mchuzi kidevuni kama watoto walioachishwa ziwa juzi.

Mume wangu aliwaangalia. "Moshi," akasema, "hata mimi nimekushinda." Akasogea kwenye sinia akala. Akala kweli, akacheka, akaomba aongezewe.

Mngedhani ningefurahi, na nilifurahi. Lakini nilipokuwa nimesimama na bakuli la mchuzi, niliona ile mikono ya kulia, yote mizima, imefichwa nyuma ya migongo. 

"Mashine inafanya kazi?" nikauliza.

Wakainamia sinia.

"Nauliza, inafanya kazi?"

"Inafanya, shemeji," Moshi akajibu.

"Na kifuniko?"

Moshi akatikisa kichwa. Niliweka bakuli chini, maana nilihisi nitamrushia mtu.

"Asanteni kwa kumpa ndugu yenu hamu ya kula. Lakini msije mkanichekea hapa, halafu mkarudi kuitia mikono ndani ya mdomo uleule. Nani zamu yake? Nyoosheni mikono niione. Nani atafuata, ili nianze kumshonea mashati ya mkono mmoja?"

"Tukigoma atatufukuza," mmoja akasema taratibu.

"Atawafukuza wote aoke mwenyewe?" wifi akadakia. "Na tumbo lile?"

Mume wangu alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani nimemuaibisha. Akasema, "Mke wangu anasema kweli. Mimi niliogopa kufukuzwa."

Asubuhi iliyofuata mashine haikuwashwa. Mimi na wifi tulifika getini alfajiri, tukawakuta wakandaji wamesimama nje na aproni zao. Sikutarajia mtu mwingine. Lakini kulipopambazuka niliona kanga ninayoijua: muuza mkaa anakuja, na nyuma yake akina mama wa mtaa wetu karibu wote, vikapu mikononi. Alisimama kando yangu bila kunitazama.

"Leo hatununui mkate," akasema. "Tumekuja kusimama tu."

Wenye maduka waliokuja kuchukua mikate wakauliza kuna nini, wakaelezwa, nao wakaanza kunung'unika kwa sauti. Mzee Kesho aliposhuka garini, alikuta umati.

"Kuna nini hapa? Fundi nimeshaongea naye, kesho..."

Hakumaliza. Vicheko vilimfunika, vicheko vikali visivyo na huruma hata chembe. Moshi na wenzake waliingia stoo, wakayasogeza magunia, wakakibeba kile kifuniko mpaka nje, wakakiweka mbele ya miguu yake. Fundi wa kuchomelea, ambaye karakana yake iko ng'ambo ya barabara, akaitwa, akaiacha chai yake mezani akaja. Alichomelea bawaba mpya, akafunga, akaondoa waya kwenye swichi, akajaribu, akaondoka kabla chai yake haijapoa.

Watu walishangilia. Mimi nilienda nyuma ya ukuta nikaupiga mateke mpaka kidole cha mguu kikavimba. Kazi ya kikombe kimoja cha chai. Mkono wa mume wangu ulikwenda kwa kazi ya kikombe kimoja cha chai. Muuza mkaa alinifuata huko nyuma. Safari hii hakunitolea methali. Alinishikia kiatu nikaukanda mguu, na jioni akaja kuosha vyombo, nami nikamwachia.

Madai yetu yako ofisi ya kazi, na Moshi na wenzake wamekubali kutoa ushahidi. Wifi bado yupo. Amesema hataondoka mpaka aone mwisho wake, na tunagombana kila siku kuhusu chumvi. Jana walifua mashuka na kaka yake. Mume wangu alishika ncha moja kwa mkono wa kushoto, shuka likiwa limezungushwa kwenye kiwiko cha kulia, wifi akakamata ncha ya pili, wakalisokota.

"Vuta wewe, unakamua au unabembeleza?" wifi akamfokea.

Akavuta kwa nguvu zote. Dada mtu akateleza akakaa ndani ya beseni, maji yakaruka mpaka kwenye kitambaa cha mteja nilichokuwa nakikata. Niliwatukana wote wawili, nikakianika kitambaa, nikaja kushika ncha ya wifi mpaka abadilishe nguo.