Kioo cha Fundi Saa

Wewe umewahi kumwona mtu mzima akimpelekea fundi saa inayotembea vizuri? Optatus alifanya hivyo, pale Lindi mjini, asubuhi watu wakinywa kahawa. Alisimama mbele ya kimeza cha Alfani, jasho likimshuka nyuma ya masikio.

"Inachelewa," alisema.

Alfani akabandika jichoni kioo chake cheusi, kile kidogo kama kizibo, wanachokibana mafundi saa kwa nyama ya shavu. Akafungua mgongo wa saa. Optatus hakuitazama saa. Alikitazama kioo.

Maana shida ilikuwa hapo. Optatus ni mpiga picha. Kamera yake ni sanduku la mbao lenye miguu mitatu, aliachiwa na padri mmoja mzee, na watu bado wanaifuata kwa kuwa picha yake ni kubwa, ya kutundika ukutani. Kabla ya kupiga hujifunika shuka jeusi, akatazama kioo chenye ukungu kule nyuma, ambapo mtu huonekana kichwa chini miguu juu, kisha akasogeza lenzi polepole mpaka kope zihesabike. Siku hizi hawezi kuziona kope hizo. Kioo cha kukuzia, kilichotengenezwa kwa kazi hiyo hasa, alikitafuta kwenye simu akakuta ni bei ya mbuzi wawili, na bado hakijasafirishwa. Cha fundi saa kingemtosha.

"Saa yako haina ugonjwa, mtani," alisema Alfani. "Au mke amekufukuza, unatafuta pa kukaa?"

Wanywa kahawa wakacheka. Mtani hakasirikiwi. Lakini jambo la kweli ukimwambia, jioni liko sokoni, nalo limeota mkia. Mpiga picha kipofu! Optatus akachukua saa yake, akavuka barabara.

Katika chumba chake cha kupigia picha wateja walikuwa wameshafika. Ni Bibi Restuta, wa kule Kikole, aliyekuja kwanza kabla ya Pasaka na bintiye Helena. Picha ikatoka kama ya mtu aliye nyuma ya moshi. Na Optatus aliwaambia nini? "Bibi alitikisika." Alisema hivyo hivyo, bila kumeza mate. Mikono ya bibi hutetemeka kweli, basi akaamini. Akaomba radhi yeye, bibi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Leo sitakuharibia."

Helena akamkalisha mama yake, akatoa khanga, akamfunga kifuani pamoja na egemeo la kiti, fundo nyuma. Mikono akaiingiza chini ya mapaja, akaitandazia nguo vizuri isionekane.

"Tumefanya mazoezi nyumbani," alisema Helena. "Hata pumzi anaweza kuizuia."

Optatus akaingia chini ya shuka. Bibi alikuwa pale, kichwa chini, nywele doa jeupe, khanga kama utepe. Akasogeza lenzi mbele, akairudisha nyuma. Ukungu. Kule nje akasikia bibi akivuta pumzi, kisha kimya, kiti hakilii, hata nzi unamsikia. Mzee wa watu amefungwa kitini kwa uongo wa Optatus. Uso ukamwaka ndani ya giza lile, akatamani asitoke tena.

Akatoka.

"Mfungue, Helena."

"Nimetikisika tena?" aliuliza bibi.

"Hapana, bibi. Hata siku ile hukutikisika. Ni macho yangu."

Bibi alimtazama. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Na mimi tangu Pasaka kila jioni naikalia mikono," alisema taratibu, "niizoeshe."

Helena alikuwa anahangaika na fundo, limekaza. Optatus alitaka kumsaidia, akaona hastahili hata kuigusa ile khanga. Akatoka nje, juani, akavuka tena.

"Umesahau nini, mtani?" aliuliza Alfani, na wanywa kahawa wakageuka wote, vikombe mkononi.

Optatus akaweka viganja vitupu juu ya kimeza.

"Nataka kioo chako cha jichoni," alisema. "Sioni."