Sasi ya Betri

Wewe unayesoma, umepiga makofi mara ngapi utepe ukikatwa, kisha betri zilipokufa ukageuza uso? Usinijibu. Nakukumbuka.

Kisiwani kwetu, katika visiwa vya Maluku, mtambo wa sola umezinduliwa mara mbili. Paneli zipo, zinang'aa. Betri zilikufa zamani, na tangu hapo paneli tunaanikia karafuu. Zinakauka vizuri kuliko kwenye jamvi, siwezi kusema uongo. Lakini jokofu la chanjo la Usi Yakomina, dada yetu mkunga, limegeuka kabati la sago, unga wa chakula chetu. Chanjo anaivukia bahari, barafu inamyeyukia njiani, na watoto wanarudishwa nyumbani hivihivi.

Tukaambiwa uzinduzi wa tatu unakuja.

"Wanazindua nini, betri?" nikauliza.

"Kibao kipya," akasema Bapa Raja, mtawala wetu, akiangalia pembeni.

Mama Orpa ndiye mlinzi wetu wa sasi. Alikwenda akafunga makuti mabichi kwenye lango la mtambo. Kwetu hiyo ndiyo sasi: hapaguswi mpaka yafunguliwe.

"Mama Orpa, utaniponza!" akalalama Bapa Raja.

"Betri zikija nitafungua. Na wewe Bapa, toa karafuu zako kule juu, mgeni asije akadhani umeme una harufu."

Bwana Hardiman, afisa wa nishati, akashuka mashuani na mkasi, spika na jenereta. Ndiyo, jenereta ya dizeli. Ilinguruma nyuma ya kanisa ili tuisikie vizuri hotuba ya umeme safi. Alipomaliza akafika langoni.

"Oo, mmepamba kienyeji!" Na kabla Bapa Raja hajafumbua mdomo, kacha! Makuti chini.

Hakuna aliyepiga makofi.

"Mheshimiwa," akasema Mama Orpa, "umevunja sasi. Mvunja sasi huvaa makuti shingoni, akazunguka kijiji akitangaza kosa lake."

"Mimi? Nahodha, washa mashine twende!"

Nahodha, mtu wa kisiwa jirani, akaketi mchangani. "Mvunja sasi simpakii, mkubwa. Bahari hii naijua, na nina watoto."

Basi akazunguka. Sauti ilikuwa ndogo, tukampa spika yake mwenyewe.

"Nimevunja sasi…"

"Kwa nini iliwekwa?" Usi Yakomina akamchokoza.

"Betri hazipo!"

"Rudia, Mheshimiwa, wa kule juu hawajasikia."

"BETRI HAZIPO!"

Hotuba fupi kuliko zote alizowahi kutoa, na ya pekee iliyokuwa ya kweli. Akaapa kuzileta, na jenereta akaiacha zahanatini. Sago ikahama, jokofu likapoa, watoto wakachanjwa siku mbili tatu. Kisha dizeli ikaisha. Betri bado. Mama Orpa amefunga makuti mapya, na Usi Yakomina yuko baharini na barafu yake.

Sasa wewe. Zahanati ya kwenu nayo ina paneli zinazong'aa. Inuka, kafungue sanduku la betri. Ukizikuta zimekufa, funga makuti langoni leo hii, usimame hapo hapo, na mkasi ukija usiupigie makofi.