Hoteli ya Kadibodi

Mada ya mradi wa Sanaa mwaka huo wa 1995 ilikuwa fupi: mahali pa kula. Mwalimu Gichana aliiandika ubaoni, akawageukia wanafunzi wake tisa wa kidato cha nne, akawaambia wana wiki kumi za kutengeneza modeli ya mtihani.

"Mtu akitaka kutengeneza jiko la shule, sawa. Akitaka ikulu, sawa pia. Lakini iwe kazi yako, si ya mjomba wako seremala."

Phelis alikuwa ameshajua atatengeneza nini. Maktabani kulikuwa na rundo la magazeti yaliyoachwa na Mmarekani mmoja aliyewahi kufundisha fizikia pale shuleni, na katika moja la zamani sana kulikuwa na picha aliyokuwa akiirudia tangu kidato cha pili. Ilikuwa hoteli ya kando ya barabara huko Amerika, ndefu na nyembamba kama behewa la treni, imevikwa bati linalong'aa. Ndani, kaunta ilitoka mwanzo hadi mwisho wa nyumba, mbele yake stuli nyekundu zimepangwa mstari, na sakafu ni miraba myeusi na myeupe. Msichana mwenye kofia nyeupe alikuwa akimmiminia mzee kahawa. Hakuna kitu pale kwao Chepseon kilichofanana na hicho, na pengine ndiyo sababu alikipenda.

Alianza kwa bidii. Kuta alizikata kwa kadibodi, stuli akazitengeneza kwa vizibo vya soda alivyovipaka rangi ya kucha, sakafu akaichora mraba kwa mraba mpaka macho yakamuuma. Wiki ya tatu akampelekea Mwalimu Gichana. Mwalimu aliinama, akachungulia dirishani.

"Mkono wako ni mzuri, Phelis. Sasa niambie, nani anapika humu?"

"Mpishi, Mwalimu."

"Anaitwa nani? Anasimama wapi akichoka? Chai ikimwagika, anapangusa na nini?"

Phelis aliziangalia stuli zake za vizibo.

"Umechora picha ya picha," mwalimu akasema, bila ukali. "Nenda ukakae kwenye hoteli ya kweli. Yoyote. Kaa saa mbili, uchore. Halafu urudi."

Hoteli zilikuwa tatu pale sokoni, lakini mbili zilijaa wanaume waliokuwa wanasubiri magari ya majani chai. Phelis akaenda kwa Mama Kuria.

Wanjuhi, mama yake Kuria, alikuwa akiuza chai na mandazi chini ya mabati manne yaliyoshikiliwa na miti ya mkaratusi. Mita chache nyuma yake palikuwa na sakafu ya saruji isiyo na kuta, nyasi zimeota kwenye nyufa. Hapo ndipo hoteli yake ilipokuwa kabla ya vurugu za kikabila za mwaka wa tisini na mbili. Ilipochomwa, yeye na wanawe walikimbilia Nakuru. Baada ya mwaka na nusu alirudi peke yake na birika moja. Watu walinunua chai yake, walimsalimia, walimuuliza habari za watoto. Habari ya ile sakafu hakuna aliyemuuliza.

"Unachora nini, mami?" aliuliza, huku akigeuza mandazi kwenye mafuta.

Phelis alimwonyesha picha ya gazeti. Wanjuhi akapangusa mikono kwa leso, akaishika kwa ncha za vidole, akaisogeza mbali kidogo na macho yake. Kisha akacheka.

"Hata mimi nilikuwa na stuli kama hii. Ya kuzunguka! Klabu ya wazungu wa majani chai ilikuwa inauza vitu vya zamani, nikanunua moja. Watoto walikuwa wanapiga foleni waikalie."

"Mimi nilikuwa mmoja wao," Phelis akasema.

Alishangaa mwenyewe alivyokumbuka. Baba yake alikuwa akimpitisha pale kila walipotoka kupeleka majani chai kwenye kituo cha kuyapima. Alikumbuka ngozi nyekundu iliyopasuka pembeni, na Mama Kuria akimsukuma taratibu kwa goti ili azunguke.

"Basi nilikuwa nakulisha, halafu leo unanichora," Wanjuhi akasema. Akaanza kueleza bila kuulizwa. Kaunta ilikuwa upande huu. Meza zilikuwa tano, moja ilikuwa kilema. Ukutani kulikuwa na kalenda ya duka la mbegu na picha ya harusi ya dada yake. Phelis aliandika yote. Saa mbili zikawa nne.

Jumamosi ile alihitaji kitu cha kung'aa cha kuzungushia kuta. Kiptanui, baba yake, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha majani chai, na ghalani nyumbani kwao kulikuwa na masanduku ya mbao ya zamani ya kufungia chai, yale yenye karatasi ya fedha kwa ndani. Phelis akavuta sanduku la kwanza, akavuta la pili. Nyuma yake kulikuwa na kitu kimefungwa kwa magunia na kamba. Akafungua.

Ngozi nyekundu, imepasuka pembeni. Mguu wa chuma ulikuwa umeungua, mweusi.

Hakusikia baba yake alipoingia. Alimwona tu amesimama mlangoni, kofia mkononi.

"Baba, hii ni ya Mama Kuria."

"Najua."

"Uliichukua?"

"Niliikuta kwenye majivu, siku ya tatu. Chumba kizima kimeisha, hii imebaki imesimama. Ngozi yake hata haikushika moto, sijui ni vipi." Kiptanui akaketi juu ya sanduku. "Nikasema nitamwekea. Aliporudi, nikasema nitampelekea wiki ijayo. Halafu wiki nyingine. Nikimpelekea ataniuliza siku ile nilikuwa wapi."

"Ulikuwa wapi?"

Baba yake aliangalia mikono yake.

"Hapa. Alipopita hapo nje usiku ule akikimbia, nilisikia anaita watu kwa majina. Akaniita na mimi. Nikafunga mlango, nikawashika wewe na mama yako, tukakaa chini."

Phelis alikuwa na miaka kumi na nne wakati ule. Alikumbuka ule mkono uliomshika, jinsi ulivyokuwa mzito. Siku zote alidhani ulikuwa unamkinga yeye tu. Alienda akakaa kwenye sanduku kando ya baba yake. Walikaa hivyo hadi mama akawaita wanywe chai.

Jumatatu, Kiptanui alibeba stuli begani hadi sokoni, mchana kweupe, bila kuifunika. Phelis alimfuata na daftari lake kifuani. Wanjuhi aliwaona wakiwa mbali. Aliacha kumimina chai, mteja akabaki ameshika kikombe kitupu.

Kiptanui aliiweka chini mbele yake.

"Mama Kuria, hii ni yako. Nimekaa nayo miaka mitatu. Nilikuwa naona aibu."

Wanjuhi aligusa ngozi ile kwa kiganja. Alisubiri mteja ainuke aende zake.

"Nilikuita, Baba Phelis."

"Nilisikia."

"Nilijua umesikia. Taa yako ilizimika."

"Niliogopa. Sina neno lingine."

Wanjuhi alitazama ile sakafu yenye nyasi. 

"Sisemi yameisha," akasema.

"Sijaja kukuomba useme hivyo."

"Vizuri." Akachukua vikombe viwili, akavijaza, akavisukuma mbele yao. "Kunyweni. Hiyo stuli imeshika kutu, haizunguki. Wewe si ni fundi?"

Kesho yake, baada ya zamu, Kiptanui alirudi na grisi na spana. Alirudi tena siku iliyofuata, ingawa stuli ilikuwa imeshapona, kwa sababu aliona bati moja limelegea.

Phelis hakuitupa hoteli yake ya Kimarekani. Aliacha kuta zing'ae, akaacha miraba ya sakafu na ule mstari wa stuli nyekundu. Lakini meza moja aliifanya kilema, akaichomekea kipande cha karatasi chini ya mguu. Ukutani akatundika kalenda ndogo kama ukucha. Nyuma ya kaunta, mahali pa msichana mwenye kofia, akamsimamisha mwanamke mnene wa udongo, kitambaa kichwani, goti limesogea mbele kana kwamba anasukuma kitu.

Siku ya maonyesho wazazi walialikwa kabla modeli hazijasafirishwa kwa watahini. Wanjuhi alikuja na viatu vya kanisani. Mwalimu Gichana alimpisha, naye akainama mbele ya ile nyumba ya kadibodi, jicho moja limefungwa, akachungulia dirisha baada ya dirisha. Kiptanui alisimama nyuma yake, hakusogea.

"Nimenona hivi?" Wanjuhi akauliza.

"Pole, Mama Kuria. Udongo ulikuwa mwingi."

"Hapana, acha. Ndivyo nilivyokuwa." Akagonga paa kwa kidole. "Lakini huyu mama atakufa na moshi. Bomba la jiko liko wapi?"

Phelis akamtazama mwalimu wake. Mwalimu akatoa wembe mfukoni, akampa.

"Hapa?" Phelis akauliza.

"Sogea kushoto. Kidogo tena. Hapo, mami." Wanjuhi akauweka mkono wake ndani kwa uangalifu, akalishikilia paa kwa chini lisibonyee, na Phelis akaanza kukata.