Kijiko cha Asubuhi

Majuma ya kwanza Madamu Asiya alidhani ni malaria. Mtoto gani wa miaka mitano husinzia asubuhi na mapema, wenzake wakiruka kamba, udenda ukimchuruzika mpaka kwenye kola ya sare? Alimgusa paji la uso, akalikuta poa kama la mtu mzima wa afya. Akadhani ni njaa. Akampa kikombe cha pili cha uji wa sosoma, ule wa soya, mtama na mahindi, na mtoto akalala uji ungali mdomoni. Akadhani ni kifafa cha usiku, akamwuliza mama yake, naye mama akatazama pembeni akasema hapana, mutoto huyu ndivyo alivyo.

Asiya alikuwa mwalimu aliyesomea chuo, na chuoni alijifunza kutoikimbilia sababu yoyote kabla ya kuipekua. Alichambua mambo kama wanawake wa mtaa wao wa Bwiza wanavyochambua mchele, punje kwa punje, na lile jiwe asiloliona leo alijua atalikuta kesho. Darasani mwake mikeka ilitandikwa kwa mstari, vikombe viliangalia upande mmoja, na wimbo wa kuagana haukutangulia wimbo wa kunawa mikono hata siku moja. Watu walimcheka kwa hilo. Mji unapigwa mabomu, walisema, na Madamu ananyoosha mikeka.

Mtoto aliitwa Gaël. Yeye na mama yake, Daphrose, walitoka Kinama mapema mwaka ule vita vilipoingia mle mitaani, wakahamia Bwiza kwa mjomba, katika chumba kimoja kilichokwisha kujaa kabla yao. Shule ile ya watoto wadogo ilikuwa mali ya Bwana Herménégilde, Direkta yaani mkuu wa shule, aliyeijenga kwa akiba yake mwenyewe: vyumba viwili, ofisi, na ukuta wa mbele uliotobolewa na risasi mara mbili. Mwisho wa barabara walikaa askari. Kwa hiyo Direkta aliupenda ukimya kama wengine wanavyopenda fedha. “Shule inayosikika,” alikuwa akisema, “ni shule inayoonekana.” Na wageni walipokuja aliwaonyesha Gaël amelala chali juu ya mkeka. “Huyu alikuja kwetu mwendawazimu. Mwone sasa. Ametulia.”

Ikafika Jumatatu moja, Gaël akaja akiwa macho.

Kwa mara ya kwanza Asiya aliyaona macho yale yakiwa wazi kabisa, nayo yalikuwa makali, yenye haraka, yanayopita juu ya vitu kana kwamba yanavihesabu. Mtoto hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja mlangoni walipovulia kambambili zao, akachuchumaa kando ya lile rundo la plastiki, akaanza kuzipanga: ya kulia na ya kushoto, kubwa kwanza, ndogo mwisho, visigino vyote juu ya mstari mmoja wa sakafu. Asiya alisimama na chaki mkononi. Kwa miaka yote ya kazi hakuwahi kupata mtu aliyependa utaratibu kumzidi, na huyu hapa, hajui hata kufunga kifungo cha shati.

Ndipo Amélie, binti wa karani mmoja wa serikali, alipokuja akachomoa zake katikati ya mstari ili aende msalani.

Gaël akapiga ukelele. Haukuwa ukelele wa kulia. Ulitoka kama bati linalokatwa, ukapanda, ukakaa huko juu usishuke. Amélie akajitupa chini ya meza. Mvulana mwingine akajikojolea aliposimama. Na Daphrose, aliyekuwa akiondoka na hajafika hata getini, alirudi mbio akapiga magoti mbele ya mwalimu, akiuziba mdomo wa mwanawe kwa kiganja.

“Nisamehe, Madamu. Nisamehe. Dawa iliisha jana. Kesho nitapata ingine.”

“Dawa gani, Mama Gaël?”

Mwanamke akazidi kumziba mtoto mdomo.

“Nimekuuliza dawa gani.”

“Ile siro ya kikohozi. Ile nyekundu. Inamulaza.”

Asiya aliutoa mkono wa mama kwenye mdomo wa mtoto, taratibu, kidole kimoja baada ya kingine. Akawaita watoto wengine wakae. Akamketisha Daphrose kwenye benchi la nje, na Gaël akiendelea kupiga ukelele kati yao, akasikiliza.

Walipokimbia Kinama, alisema Daphrose, walijificha kwenye matete ya mtoni, watu wengi, na wenye bunduki wakipita njia ya juu. Gaël akaanza. Wenzake wakamwambia: mama, muzibe huyo mutoto ama toka, usituue wote. Mwanamke mmoja akamsukumia chupa. “Nilimupa, Madamu. Akalala. Tukapona.” Walipofika Bwiza akaiacha ile dawa. Lakini siku ya kumwandikisha shuleni mtoto alipiga kelele ofisini, na Direkta akauliza: mlipokimbia ulimnyamazisha na nini? Akamwambia. “Akasema basi, nendelee vile vile. Kijiko kimoja kila asubuhi mbele ya masomo. Akasema bila hivyo hakuna nafasi. Mi ningesema nini? Shule zingine zote zilinikatalia.”

Wako watu ambao hasira huwapanda kichwani ikawamwagisha maneno. Ya Asiya ilimshuka miguuni, ikamsimamisha. Alivuka ua, akagonga mlango wa ofisi kama mtu mwenye adabu, akangoja aitwe.

“Bwana Direkta, umeamuru mtoto alevywe.”

“Nimeamuru mtoto atulizwe.” Herménégilde hakunyanyua uso. “Kaa, Madamu Asiya.”

“Nitasimama. Nimempoteza mtoto yule tangu siku aliyoingia. Namwimbia, amelala. Namshika mkono ashike kalamu, amelala. Nilimpeleka hata zahanati nikitafuta malaria! Na wewe ulikuwa unajua.”

“Bon. Umejua na wewe sasa. Unataka nini? Wazazi hapa wanalipa ili watoto wao wakae mahali pamoja ambapo hakuna kelele. Mahali pamoja tu, katika mji huu mzima. Yule akipiga ukelele mmoja, nusu ya darasa inaingia chini ya meza. Umeona kwa macho yako.”

“Nimeona. Na nimeona pia ana akili.”

“Madamu.” Direkta akatabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Asiya kuliko tusi. “Wewe ulisoma chuo wakati wa amani.”

“Ndiyo. Wala sikuandikiwa kwenye diploma kwamba ikianza vita niwe muuza usingizi.”

Alitoka bila kuomba ruhusa. Daphrose alikuwa angali benchini, mtoto amechoka, anatweta. “Kuanzia leo hakuna kijiko,” Asiya akamwambia. “Kelele atakazopiga hapa ni zangu mimi. Ukiulizwa, sema Madamu amekataza.”

Kazi ikaanza, nayo haikuwa nzuri kuitazama. Asiya aliweka vitu vinne juu ya ubao wa dirisha, kwa mpangilio wa siku ilivyo: kikombe kwa uji, mpira kwa michezo, kalamu kwa kuchora, mfuko kwa kwenda nyumbani. Kabla ya kila badiliko alimwendea Gaël na kitu chake, akamtia mkononi, akangoja. Mtoto alikitupa. Asiya akakiokota, akamrudishia, akangoja tena. Aling'atwa. Alipigwa teke la tumbo. Aliwafundisha wengine wasiguse mstari wa kambambili kabla ya kumwonyesha Gaël kile wanachotaka kuchukua, na wao, kwa kuwa walikuwa wadogo na hawakujua kwamba jambo hilo ni la ajabu, wakalizoea kabla ya mwalimu mwenyewe. Ukelele ukaanza kufupika. Na asubuhi moja, Asiya akiwa amejisahau kwenye michezo, Gaël alikwenda dirishani, akachukua kalamu, akaja kumwekea kiganjani. Muda wa mpira ulikuwa umekwisha. Asiya aligeuka akatazama ukuta kwa kitambo, kisha akawaita watoto wakachore.

Nani aliyeliona hilo? Hakuna. Kilichoonekana mtaani ni kilichosikika. Bwana Adolphe, baba yake Amélie, alilalamika. Wengine wakamfuata. Jumamosi Direkta akawaita wazazi darasani, wakakalia viti vya watoto, magoti yakiwafika kidevuni. Juu ya meza ya mwalimu Herménégilde aliweka chupa mpya, iliyojaa, na kijiko kando yake. Alikuwa ameinunua mwenyewe. Gaël alikuwa nyuma kabisa, mapajani mwa mama yake.

“Hatutarefusha,” Direkta akasema. “Mtoto ana dawa yake. Mama hataki tena kumpa, kwa sababu mwalimu amemtia maneno. Kwa hiyo mwalimu atampa. Kila asubuhi, hapa, mbele yangu. Madamu Asiya, sogea uoneshe wazazi kwamba tumeelewana.”

Asiya akasogea. Akachukua chupa, akachukua kijiko. Adolphe akashusha pumzi.

“Nimeelewa,” Asiya akasema, kwa sauti ile ile aliyosomea majina ya watoto. “Lakini mimi ni mtu wa utaratibu. Tuanze mstari wa mbele.” Akasimama mbele ya Adolphe. “Amélie anaingia chini ya meza kila mlango unapogongwa, na anayemtoa anamng'ata. Kijiko kimoja, Bwana Adolphe, au viwili?”

“Unasema nini wewe?”

“Nasema ninachokiona kila siku. Kimoja au viwili?”

“Usimfananishe binti yangu na kichaa yule!”

Asiya alikwisha kumpita. Alisimama mbele ya Twalibu, fundi wa magari, mzee mwenye mafuta meusi yasiyotoka kwenye kucha. “Mzee Twalibu, Shakuru wako hajasema neno darasani tangu mwaka uanze. Hata jina lake. Huyu hatusumbui, ni kweli. Labda tumtafutie dawa ya kumpigisha kelele?”

Twalibu alikitazama kijiko. “Binti yangu, mutoto mwache. Mi mwenyewe nipe. Usiku silali.”

Mtu mmoja akacheka, kisha wawili, kicheko kibaya cha watu waliokamatwa. Herménégilde akapiga meza kwa kofi. “Imetosha! Tunamzungumzia mtoto mmoja. Mmoja! Mama yake mwenyewe ndiye aliyeanza kumlaza, mimi sikulileta jambo hili. Mama Gaël, simama. Si kweli?”

Daphrose akasimama, mtoto kiunoni. Tangu aanze kufika shuleni pale hakuna aliyewahi kusikia sauti yake ikivuka benchi moja.

“Ni kweli,” akasema. “Nilimupa.”

“Mnasikia.”

“Nilimupa kwenye matete. Juu yetu kulikuwa watu na bunduki. Mutoto angelia, tungekufa wote, na yeye wa kwanza.” Akatembea kati ya vile viti vidogo mpaka mbele. “Sasa niambie, Bwana Direkta. Hapa nani anapita juu yetu? Ni huyu?” Akamwonyesha Adolphe. “Ni muzee Twalibu? Ni nani anataka kutuua hapa, ili nimulaze mutoto wangu kila siku mpaka akue?”

Asiya akarudisha chupa na kijiko mezani mbele ya Direkta.

“Walionikimbiza Kinama nawajua,” Daphrose akasema. “Nyinyi sikuwa nimewajua.” Akatoka nje na mwanawe, wala hakukimbia.

Wazazi wakaanza kuinuka. Wengine walitazama miguu yao. Adolphe aliapa kwa sauti kwamba binti yake hatakanyaga tena pale. Chumba kilipobaki na watu wawili, Herménégilde alisema, chinichini: “Umeniaibisha katika nyumba yangu. Jumatatu ukimpokea mtoto yule akiwa macho, usije na wewe.”

“Niandikie.”

“Nini?”

“Niandikie barua ya kunifukuza, na sababu uitaje. Andika: mwalimu ameachishwa kazi kwa kukataa kumlevya mtoto wa miaka mitano. Tia sahihi, tia mhuri. Nitaibandika getini mwenyewe, wapita njia waisome.”

Direkta alitoa kalamu mfukoni. Kwa muda aliigeuzageuza. Kisha akairudisha, akachukua chupa yake, akaondoka, kijiko akakisahau.

Jumatatu hakuna aliyempa Asiya barua. Hakuna aliyemsalimu pia. Alitandika mikeka, akapanga vikombe, akaviweka vile vitu vinne dirishani. Hasira haikuwa imempungua hata chembe. Alikuwa amelala nayo siku mbili, akaswali nayo, na asubuhi ameamka nayo ikiwa imenyooka vizuri zaidi. Daphrose alimleta Gaël mpaka mlangoni, akamwachia mkono, akaenda sokoni bila kugeuka nyuma.

Watoto waliingia, wakavua kambambili, wakakaa. Mkeka wa Amélie ulibaki mtupu. Adolphe alikuwa amelitimiza neno lake.

Mwaka ule watoto walikuwa wamezoea mikeka mitupu. Mwenzao mmoja alihamishwa na wazazi mwezi wa pili, mwingine hakuna aliyejua aliko, na kila mara waliobaki walisogea kidogo, wakaliziba pengo, wakaendelea na wimbo, kwa sababu ndivyo walivyoona wakubwa wakifanya. Walianza kusogea.

Gaël alifika kwenye mkeka ule, akasimama. Akautazama. Akatazama mlango. Akarudi kuutazama, kisha akapiga ukelele.

Mlango wa ofisi, ng'ambo ya ua, ukafunguka. Herménégilde alisimama kizingitini, akangoja aone mwalimu atafanya nini.

Asiya aliwaambia watoto warudi mahali pao, kila mmoja kwenye mkeka wake. Akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya ule mtupu, karibu na Gaël lakini bila kumgusa, akamkazia macho Direkta kupitia mlango ulio wazi. Hakumziba mtoto mdomo. Shakuru, ambaye hakuwahi kusema neno, aligeuza uso wake kwa mwalimu, kisha kwa mkeka.

“Amélie hayupo,” akasema.

“Hayupo,” Asiya akamjibu. “Mwache Gaël aseme.”