Nyumba Ambayo Haikuuzwa

Jumatatu ya pili ya Machi mwaka wa 2004, saa nane mchana, fundi Kisilu alipachika kioo cha mwisho katika chumba cha jua cha Bwana Omolo, akajifuta puti ya kubandikia vioo vidoleni kwa gazeti, akashuka ngazi. Chumba kilikuwa upande wa mashariki wa nyumba ya mawe, nje kidogo ya mji wa Kitengela. Kilikuwa na fremu za chuma, vigae vyeupe sakafuni, na vioo arobaini na vinane, kuta pamoja na paa. Bi Dolphine, mkewe Omolo, mwalimu wa shule ya msingi, alikuwa amekiona chumba kama hicho kwenye jarida. Kisilu alimweleza mapema kwamba humo ndani kutachemka kama sufuria, na kwamba mvua ya mawe ya Aprili haisomi majarida. Bi Dolphine alisema ataweka mapazia.

Macharia, jirani wa ng'ambo ya ua, aliuliza kama watapanda nyanya au pilipili hoho.

Jumanne Bi Dolphine alirudi kutoka shuleni saa kumi na moja na robo, akakuta nyumba ndani ya chumba cha vioo. Ilikuwa nyumba ya Kimaasai, ndefu, fupi kwa kimo, yenye kona za mviringo, imekandikwa kwa samadi ya ng'ombe. Ilijaza chumba chote isipokuwa ujia wa futi mbili kando ya vioo. Moshi mwembamba ulitoka kwenye tundu la ukutani, ukapanda, ukatafuta pa kutokea, ukakosa, ukatulia chini ya paa. Bi Dolphine aliweka mkoba mezani, akamwambia Nzula, aliyekuwa akiwafanyia kazi za nyumbani, atoe viti vya mianzi kabla havijashika harufu. Vitatu vilitoka. Cha nne kilikuwa kimeshikwa na ukuta, na kiko hapo mpaka leo.

Bwana Omolo alirudi jioni kutoka ofisini Nairobi. Alizunguka ile nyumba mara moja, akaugonga ukuta kwa kidole, kisha akampigia Kisilu simu.

"Hiyo haikuwa kwa kotesheni ya bei niliyokupa, boss," Kisilu alimwambia asubuhi yake, wakiwa wamesimama mbele ya vioo.

Akaingia kwenye ujia akaenda hadi mlangoni mwa ile nyumba, akaushika mwimo wake. Aliporudi alisema anaijua. Mwaka wa 2000, plot ilipozungushiwa waya, yeye na vibarua wawili ndio walioibomoa. Ilikuwa kazi ya nusu asubuhi. Hapakuwa na mtu wala mbuzi, na yeye, mtoto wa wakulima wa Machakos, alidhani boma lisilo na mtu ni boma lililoachwa. Hakujua kwamba wakati wa kiangazi boma hubaki tupu likiwangoja wenyewe. Na alipoambiwa achimbe msingi wa chumba cha jua, alichagua pale pale, kwa sababu ardhi iliyokaliwa na watu huwa imeshikana vizuri.

Omolo akamwita Kuntai, mzee aliyemuuzia ile plot ya ekari mbili. Kuntai alikuja Jumamosi, amevaa koti na kofia ya mjini. Alisimama nje ya vioo na hakutaka kuingia.

"Mzee, uliniuzia shamba," Omolo alisema. "Hii ni nini?"

"Niliuza ardhi," Kuntai alisema. "Nyumba sikuuza. Mwanaume hana nyumba. Nyumba ni ya mama aliyejenga."

Kila mtu wa Kajiado anajua hivyo. Mwanamke ndiye hukata fito, hukandika, na huamua nani ataketi karibu na moto. Mume huinama mlangoni kama wageni wengine. Ni hati ya shamba tu ambayo haijui, na hati ndiyo iliyokuwa kabatini mwa Omolo.

Omolo alimkumbusha kwamba mama mwenyewe alifika kwenye kikao cha bodi ya ardhi amevaa shanga zake zote, akaulizwa kama amekubali shamba liuzwe, akasema nimekubali, akaweka kidole gumba. Yeye Omolo alikuwepo.

"Yule hakuwa mama watoto," Kuntai alisema. "Yule ni dada ya rafiki yangu. Mama watoto alikuwa huko Bisil na ng'ombe, anatafuta nyasi. Kiangazi kile, si unakumbuka?"

Alilisema kwa sauti ya mtu anayemwelekeza mgeni njia ya kwenda kwenye mashine ya kusaga. Kisha akauliza kama kuna chai. Ilikuwepo, na akapewa.

Semeyian, mkewe Kuntai, alisikia habari siku ya soko kule Bisil, ambako alikuwa akiishi kwenye pembe ya nyumba ya dada yake kwa mwaka wa nne. Alikuwa ameondoka na ng'ombe kumi na tisa, akarudi na wawili, akakuta waya wa miiba. Tangu siku hiyo hakuwa na mahali pa kumkaribisha mtu, wala mahali pa kuwapa watoto wake maziwa kwa mkono wake. Alifika Kitengela Alhamisi, saa tatu asubuhi. Alimsalimu Nzula, "Takwenya," na Nzula, Mkamba wa Makueni, akaitika, "Iko," kama watu wote wa huku. Kisha Semeyian akapita sebuleni, akafungua mlango wa vioo, akainama, akaingia kwake.

Alikaa humo saa nzima. Vibuyu vilikuwa pale alipoviacha. Jivu lilikuwa na moto chini yake. Alipotoka, Bi Dolphine alikuwa amerudi kuchukua madaftari aliyoyasahau.

"Paa linataka kukandikwa," Semeyian alisema. "Na mimi sikusema nimekubali."

Bi Dolphine alimjibu kwa upole kwamba wao walinunua kwa haki.

"Najua wewe ulinunua," Semeyian alisema. "Mimi nauliza nani aliuza."

Bi Dolphine alisema hilo ni jambo la kikao. Basi Semeyian akaenda kwenye kikao. Alienda mara tano, na mara ya sita akapewa Bwana Wathome, afisa mwenye mkoba wa ngozi, aje aone mwenyewe. Alichotaka Semeyian kilikuwa kimoja, na alikirudia njia nzima afisa asisahau: iandikwe kwamba yeye hakukubali, na shamba lirudi.

Bwana Wathome alifanya kazi yake vizuri. Alipima nyumba urefu na upana. Aliinama akaingia, akaketi kwenye kitanda cha ngozi, akanywa kikombe cha chai yenye maziwa mengi aliyopikiwa na Semeyian kwenye mafiga yale yale, akaongezwa cha pili. Alitoka na masizi begani. Kisha akafungua faili kwenye meza ya Bi Dolphine, akaomba Semeyian aweke kidole gumba kando ya alama ya mwaka wa 2000. Alama ya zamani ilikuwa ndogo, nyembamba, yenye mistari iliyojikunja kama konokono. Ya Semeyian ilikuwa pana, na kovu la panga lilipita katikati. Omolo aliziona. Bi Dolphine aliziona. Nzula, aliyekuwa ameshika trei, aliziona kutoka mlangoni. Kuntai, aliyeitwa kama shahidi, alisema ndiyo, si kidole kimoja.

"Vidole hubadilika, mama," Bwana Wathome alisema. "Wewe unakamua kila siku."

Akaandika kwamba mke wa muuzaji alikubali, na kwamba wakati wa kuuzwa ardhi ilikuwa tupu, na kwamba bado ni tupu.

"Chai umekunywa wapi?" Semeyian alimuuliza.

Bwana Wathome alifikiri kidogo. "Kwa hawa," akasema, akaelekeza kalamu kwa akina Omolo.

Kuntai alicheka, kisha akaona hakuna mwingine anayecheka. Semeyian alivikusanya vikombe viwili, akavisuuza kwenye sinki la Bi Dolphine, akavirudisha kwake. Akaondoka bila kuaga, na hakuna aliyemwambia akae.

Mvua ya mawe ilikuja Aprili kama Kisilu alivyosema. Ilianza saa kumi alasiri, ikavunja vioo kumi na vinane vya paa kwa dakika saba. Ile nyumba iliyokuwa ndani ilinyeshewa. Samadi ya paa iliyeyuka, ikashuka ukutani, ikatiririka juu ya vigae vyeupe hadi kwenye zulia la sebule. Bi Dolphine alimtuma Nzula Bisil akamwite Semeyian aje atengeneze.

Semeyian alikuja na gunia la samadi aliyoiomba kwa majirani wenye ng'ombe. Alipanda, akakandika. Juu yake, kwenye fremu, Kisilu alikuwa akipachika vioo vingine, vinene zaidi. Walifanya kazi hivyo hadi saa sita.

"Mama," Kisilu alisema hatimaye, "mimi ndio nilibomoa hii nyumba yako."

"Najua. Jembe lako liko hapa mlangoni." Alimwonyesha alama kwenye mwimo. "Ulipiga mara tatu. Mti ulikataa."

Kisilu alisema hakujua ina mwenyewe.

"Ungeuliza. Moto ulikuwa haujazima."

Kisilu alitaka kushuka amsaidie kubeba samadi. Semeyian akamwambia asishuke; hiyo si kazi ya wanaume, na kioo alichokishika hakijakaa sawa. Kisilu akakitazama, akaona ni kweli, akakitoa, akaanza upya.

Tangu hapo kila msimu wa mvua umekuwa hivyo, hadi mwaka huu wa 2009. Vioo havijavunjika tena, lakini samadi hupasuka kwa joto la humo ndani, na Semeyian huja kuikandika kabla wingu halijafika. Akina Omolo wameizoea. Bi Dolphine ameweka yale mapazia. Wageni wakiuliza harufu ya moshi inatoka wapi, huambiwa ni huko nyuma. Wanafunzi wa chuo kimoja walikuja kuipiga picha, wakamshukuru Bwana Omolo kwa kuhifadhi utamaduni.

Kwa ajili ya watu kama hao Omolo aliweka geti la chuma, na akamwajiri Muthama alilinde. Muthama ana daftari lililopigwa mistari: jina, unatoka wapi, unamwona nani, sababu, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Ameagizwa kwamba Semeyian apitie mlango wa jikoni, apanguse miguu, na awe ameondoka saa kumi na mbili. Muthama si mtu mbaya. Kila mara humsimamisha getini na kumuuliza sababu, na kila mara Semeyian, gunia likiwa mgongoni, hujibu, "Naenda kwangu." Muthama huandika: kibarua. Halafu, ili asije akasahau, huandika saa ya kutoka kabla ya kumfungulia.