Baba Mdogo Ndani ya Ukuta

Binti alikuwa anafuta vumbi sebuleni alipoona mstari mweupe umejipindapinda chini ya rangi ya ukuta, mwembamba kama uzi wa kushonea. Aliujua. Kazini kwake, kwenye matuta ya mchicha, kidomozi huchora hivyo hivyo: funza mdogo anayekaa kati ya ngozi mbili za jani, akila nyama ya katikati na kuacha mavi nyuma yake. Dawa yake ni kidole gumba. Unafuata mstari mpaka mwisho, unabonyeza, funza anapasuka, unajifuta kwenye aproni.

Mwisho wa mstari huu palikuwa na uvimbe kama punje ya mchele, wenye sharubu za baba mdogo. Alikuja kwenye msiba wa baba na begi moja, akasema hakai sana. Begi lilikuwa bado mlangoni.

Binti akainua kidole.

"Thubutu!" Mama akamdaka mkono. "Hiyo ni damu ya marehemu baba yako."

"Mama, nyumba ndiyo kitu pekee alichotuachia."

"Kadogo vile katakula nini? Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Baba mdogo alimaliza plasta, akaingia kwenye matofali. Ukuta ukabaki maganda mawili ya rangi, ukiugusa unabonyea kama jani lililooza. Mavi yalidondokea sahani, na mama aliyachambua kama anayechambua mchele. Sebule ilipokwisha, baba mdogo akahamia kuta za chumba cha binti. Mafuta yake yalichuruzika mpaka kwenye mto, yakinuka samaki wa juzi. Binti alitapika, akafua foronya, akaenda kazini.

Mama akamwita fundi rangi aje kuficha mistari. Fundi aliweka sikio ukutani, kisha akaziba pua.

"Mama, hapa rangi haisaidii. Kidomozi akishiba hutoka, akawa nzi, akaenda zake. Huyu hatoki. Huyu ni nyangumi."

"Unamwita shemeji yangu mnyama?"

"Sijamtukana. Nyangumi ana adabu, anakaa baharini kwake."

Baba mdogo akapumua kupitia tundu la taa. Maji ya moto yenye makohozi yakamlowesha fundi kuanzia kofia hadi viatu.

"Shikamoo, mzee," fundi akasema, akabeba ngazi yake.

"Marahaba," ukuta ukajibu. "Shemeji, chai haina sukari. Na huyo binti atafute pa kulala, mimi nimekua."

Mama alihamishia godoro la binti jikoni, juu ya magunia ya mkaa. Binti alipokuwa akitandika shuka, aliona mstari mweupe, mpya, karibu na jiko. Mwishoni palikuwa na punje yenye masikio ya mtoto wa kwanza wa baba mdogo.

Akainua kidole gumba, akamtazama mama. Mama alikuwa anaongeza kikombe.

"Msalimie kaka yako," alisema.

Binti akamsalimia. Kisha akakifuta kidole kwenye aproni, ingawa hakikuwa na kitu.